Saba Mara Nane

Achai hakuwa amewahi kuketi darasani mpaka siku ile mwalimu Kipngeno alipomwita shuleni kwa ajili ya binti yake, Nyanut. Alikalia dawati la mtoto, magoti yamemfika kifuani, akingoja kuambiwa kosa.

"Mama Nyanut, mtoto hana kosa," alisema Kipngeno. "Akili anayo. Ila kuzidisha hakujamkaa kichwani. Kila hesabu anarudi kwenye vidole, na akifika mwisho wa swali, mwanzo wake umeshampotea. Mimi hapa nina watoto zaidi ya mia. Nikimsikiliza leo, zamu yake hairudi upesi. Nahitaji mtu wa nyumbani."

"Mimi sikusoma, mwalimu. Hesabu yangu ni ya soko la Bor, kwetu Sudan Kusini, ya Kiarabu tu."

"Inatosha. Muulize kwa lugha yoyote. Akijibu papo hapo, endelea. Akisita, mpe maharage ayapange safu kwa safu, aone kwa macho, halafu muulize tena. Kila siku kidogo, na bila kiboko."

Jioni hiyo, nyumbani kwao katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Achai alitandika mkeka. Akichekecha unga, aliuliza. Akimsuka mtoto nywele, aliuliza. *Saba fi tamanya?* Nyanut alipanga safu saba za maharage manane manane, akayatazama, akasema: *sita u kamsin*. Hamsini na sita. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, maharage yale yaliingia chunguni, wakahesabia changarawe za laga, kijito kikavu cha jirani.

Kidogo kidogo kusita kukapungua. Sikio la Achai nalo likawa kali; alikujua kusita kabla mtoto hajameza mate. Ikafika wakati Nyanut anajibu swali halijaisha, anacheka, na mama mtu naye majibu anayajua yote. Achai alijisikia kama mtu aliyechimba kwa mikono kwenye mchanga wa mto mkavu, akagusa udongo uliolowa.

Kipngeno ndiye aliyeleta habari kwamba shule moja ya bweni Lodwar ingechukua watoto wawili kutoka kambini, wasome bure mpaka mwisho. Kulikuwa na usaili wa ana kwa ana. Alihangaika mwenyewe kuwatafutia kibali cha kutoka kambini, na siku ilipofika akawasindikiza. Nyanut alivaa sare iliyopigwa pasi kwa makaa ya jirani.

Wazazi waliambiwa wasubiri nje. Kwa sababu ya joto, madirisha yaliachwa wazi, na Achai akaketi chini ya moja, mgongo ukutani. Alimsikia msaili, Bi Mugure, akimsalimia mwanawe kwa upole. Kisha yakaanza maswali ya papo kwa papo, kwa Kiingereza.

Kiingereza cha hesabu Nyanut alikijua, lakini cha ubaoni, cha polepole, kalamu mkononi. Wepesi wake wote ulikuwa katika lugha ya mkekani. Achai hakuelewa maneno ya ndani, ila kule kusita alikusikia. Swali, kimya. Swali jingine, kimya, halafu jibu la lile lililopita. Mtoto alikuwa akilipeleka kila swali nyumbani kwanza, na lilipotoka huko na jibu, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kipngeno alikuwa amesimama kando yake. "Wamemuuliza saba mara nane," alinong'ona, kama mtu anayejisemea.

Achai akainuka. Hakufikiri. Aliingiza kichwa dirishani akasema, "Nyanut. *Saba fi tamanya?*"

"*Sita u kamsin*," akajibu mtoto, pale pale.

Bi Mugure alikuja dirishani. Hakuwa na hasira. "Mama, samahani. Hapa hatusaidii watoto. Wengine hawakusaidiwa." Akalivuta dirisha akalifunga.

Kipngeno aliingia kumweleza kwamba jibu lilikuwa la mtoto mwenyewe, kwamba mama alibadilisha lugha tu. Alikaa huko kwa muda. Alipotoka, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Wamemwondoa," alisema. "Kosa si lako, Mama Nyanut. Mimi ndiye niliyekwambia lugha yoyote."

"Hata kama ningenyamaza?"

"Hata kama ungenyamaza, alikuwa ameshachelewa."

Achai alilitwaa neno hilo, lakini halikumfaa kitu. Njia nzima ya kurudi Kakuma, Nyanut alitazama vumbi la nyuma ya gari. Hakulia. Angelia, mama yake angejua la kufanya.

Juma moja lilipita kabla Achai hajathubutu kutandika mkeka tena. Alizimwaga changarawe katikati, akamwita. Nyanut akaja, akabaki amesimama.

"Usiniulize tena kwa Kiarabu, Mama."

"Nikuulize kwa lugha gani?"

Mtoto alimtazama, si kwa dharau, bali kwa huruma ya mtu mzima, na hiyo ndiyo iliyomchoma Achai kuliko dirisha lile.

"Wewe huna nyingine," alisema Nyanut, akachukua dumu akaenda kupanga foleni ya maji.

Achai alibaki mkekani. Akajaribu kukumbuka yale maneno ya Kiingereza ya Bi Mugure, namna sauti ya mwanamke yule ilivyokuwa ikiyatamka. Hakukumbuka hata moja. Jua liliendelea kupasua mabati juu ya kichwa chake, naye akaanza kuzikusanya zile changarawe, akazitupa nje ya uzio.