Sungura Katika Banda la Baba

Nyumba isiyo na mume husemewa na kila mpitaji. Nyumba ya mama yake Amondi, juu kidogo ya gati la Kamanga, ilikuwa na msemaji wake maalumu: Zadok, mdogo wake Oyoo.

Oyoo, baba yake Amondi, aliondoka na mtumbwi wa kukusanya sangara wakati binti yake yuko chuoni. Mtumbwi ulirudishwa na mawimbi, yeye hakuonekana. Ukoo ukataka kuweka matanga, mama akakataa. Alisema mumewe yu hai, kavuka mpaka, anafanya kazi upande wa Kenya, na salamu zake zimefika. Aliyezileta hakumtaja.

Kukataa huko hakukuwa jambo dogo. Kwa desturi ya watu wao, waliohamia hapo kutoka Shirati, matanga yakishawekwa mjane hurithiwa, na Zadok alikwisha kujiona mrithi wa shemeji yake na wa shamba la nyanya lililoteremka hadi majini. Mradi Oyoo alikuwa hai, mama alikuwa mke wa mtu. Amondi aliyajua hayo yote, lakini yeye hakumtaka baba awe hai kwa ajili ya kumzuia Zadok. Alimtaka tu. Kila kivuko kilipotia nanga alisimama mlangoni akiwatazama wanaopanda mlima, akitafuta ule mwendo wa kuyumba bega moja.

Alihitimu chuo cha mifugo mwaka ule serikali iliposimamisha ajira. Akarudi nyumbani na cheti kilichofungwa katika nailoni, na Zadok akapata neno jipya: nyumba isiyo na mwanamume wala mshahara itasimama kwa miguu gani? Ndipo Amondi alipofikiria sungura. Masista wa misheni walimpa dume na majike mawili. Kilichokosekana ni mahali pa kuwaweka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha bustani, cha udongo na bati, ambamo baba aliweka majembe, keni za kumwagilia na nyavu zake kuukuu. Tangu apotee kilikuwa na kufuli. Amondi alipouomba ufunguo, mama alikuwa akichambua mchicha. Alichambua hadi akabaki anachambua vijiti vitupu, kisha akaufungua kwenye pindo la kitenge.

"Tengeneza," alisema. "Ila sakafu usiiguse. Usichimbe hata tundu la nguzo."

Amondi aliona ni woga wa mchwa tu. Akashika kazi. Mabanzi aliyaokota nyuma ya karakana ya mitumbwi, misumari aliinyoosha juu ya jiwe, na madebe ya mafuta aliyapasua akayafanya vihori vya majani na maji. Vyumba vya sungura alivisimamisha juu ya miguu, na chini akapanga matete ili mkojo upite. Chuoni walifundishwa kwamba mbele ya chumba huwekwa waya. Waya haukupatikana kwa mfuko wake, lakini nyavu za baba zilikuwepo. Nyavu zilizomshinda sangara, alijiambia, zitashindwaje na sungura? Akazikunja mara mbili, akazipigilia. Zadok alipopita siku ile alicheka hadi akakohoa.

"Chuo chote kile, umerudi kufuga panya wenye masikio marefu?"

Sungura waliingia, na banda likaanza kuwa na tabia. Hawakugusa majani. Walikaa wote watatu wakiwa wameelekea pembe ya nyuma, kila mmoja katika chumba chake, masikio yamesimama, kama watu wanaosikiliza hotuba. Amondi aliwageuza. Alipoleta maji, aliwakuta wamerudi vile vile. Na jua lilipokuwa likizama walikuwa wakipiga miguu ya nyuma: du, du, kimya, du, du, kimya. Alijua kwamba sungura hufanya hivyo akihisi hatari, akatafuta nyoka, akatafuta kicheche. Hakuona kitu. Alihisi tu baridi ya ufukweni, humo ndani, katikati ya kiangazi.

Kisha asubuhi ya tatu alifungua mlango akakuta vyumba vitupu. Nyavu zilikuwa zimetafunwa. Alikuwa amesahau kwamba sangara hana meno ya kutafuna nailoni. Sungura walikuwa katika ile pembe. Walikuwa wamechimba shimo, na sasa walilizunguka wametulia, udongo umewakaa puani. Hawakukimbia alipowashika. Aliwatia katika tenga, akalifunga kwa kamba, akalipeleka jikoni. Ndipo akarudi kutazama.

Shimoni mlikuwa na kitu kirefu, kinene, kimefungwa katika shati. Alilijua shati lile kwa kiraka cha kiwiko, maana kiraka alikishona yeye. Alikifunua kidogo akidhani ataona mfupa. Lilikuwa tunda la mwegea, lile zito linaloning'inia kama mguu wa mtu. Kwa watu wao hakuna mtoto asiyejua tunda hilo hufanya kazi gani. Ziwa likimmeza mtu lisimrudishe, huzikwa tunda la mwegea mahali pake, ili roho yake iache kutangatanga.

Udongo pembeni ulikuwa mkavu, unapukutika. Shati lilikuwa limelowa chapachapa. Amondi alikamua mkono mmoja wa shati bila kujua afanyalo, na maji yakatoka, yakanuka magugu ya ziwani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakumgombeza. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba Oyoo alikuja siku tatu ndotoni akidondoka maji, akiuliza alale wapi. Angemzika hadharani, Zadok angeleta mkeka wake siku hiyo hiyo. Asingemzika, angemwacha mume wake nje. Basi alimzika peke yake, mchana watu wakiwa sokoni, bila kilio, akaweka kufuli.

"Na zile salamu?" Amondi aliuliza.

"Hakukuwa na salamu, mwanangu."

Mara walisikia mtu akibisha hodi upande wa mbele. Zadok alikuwa ameshuka kwenye kivuko cha asubuhi. Walitoka, mama akavuta mlango wa banda ukajifunga, wakaenda kumkuta uani. Amondi alimwamkia shikamoo. Zadok aliitikia bila kukaa. Alisema wazee wamekubaliana, wamechoka kungoja salamu zisizo na mletaji, na matanga yatawekwa wiki inayokuja.

Du, du.

Sauti ilitoka bandani. Zadok aligeuka.

"Nani yuko humo?"

"Mwenye banda," mama alisema.

Zadok alianza kucheka, akisema kumbe ni wale panya wa Amondi. Akasogea, akaweka kiganja juu ya kitasa, na papo hapo akakiondoa. Alikitazama kiganja chake. Kilikuwa kimelowa. Kutoka ndani, karibu sana sasa, kama mtu aliye upande wa pili wa ubao, ikaja tena: du, du. Zadok akakunja mabega, akawa mdogo kama mdogo wa mtu anavyopaswa kuwa mbele ya kaka yake.

"Shikamoo, kaka," alinong'ona.

Hakungoja kuitikiwa. Alirudi kinyumenyume hadi uani, akamwambia shemeji yake kwamba hakuna haja ya matanga, yeye hakusema lolote, asimfikishie kaka yake lolote. Walimwona akiteremka kuelekea gatini bila kugeuka.

Amondi alikwenda jikoni. Tenga lilikuwa palepale, kamba haijaguswa, na ndani yake sungura wote watatu walikuwa wakitafuna majani kwa mara ya kwanza tangu waje.

Aliketi chini kando ya tenga. Baba hatapanda tena mlima ule. Kuanzia leo atakuwa hai kwa watu wote wa Kamanga, na kwake yeye amekufa. Kilio kikampanda kifuani, kile kikubwa cha binti wa marehemu, ambacho majirani wakikisikia huacha majembe na kuja. Mama alimwahi. Alimkumbatia kichwa, akakizika ndani ya kitenge chake, akakishikilia kwa mikono yote miwili.

"Lia," alimwambia sikioni. "Lia, mwanangu, lakini usisikike."