Mjomba wa Pembeni mwa Picha

"Huyu hapa! Mjomba huyu hapa!"

Msichana mpiga video aliruka kitini, nusura aangushe kompyuta. Alikuwa anahariri harusi ya dada yake, na pale ukingoni mwa picha, nyuma ya wapiga makofi, alisimama mjomba wao, yule aliyegombana na mama yao mpaka hawasalimiani.

Mjomba alishikilia kwamba harusini alifika. Mama akasema mwongo mkubwa huyo, hakuna aliyemwona. Na Bibi, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya mguu, alikuwa ameapa: kama mwanawe alisusa ndoa ya mpwa wake, basi asikanyage tena kwake. Na Bibi akisema, kasema.

Kumwonyesha kwenye simu? Thubutu! "Hayo ya simu mnayatengeneza wenyewe," angesema. Bibi aliamini televisheni yake tu, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, pamoja na deki yake ya DVD.

Basi msichana akaigeuza video iwe ya DVD. Na kwa kuwa Bibi huchukia ile mistari myeusi juu na chini ya picha ("Nimenunua televisheni nzima, nionyesheni nzima!"), akaiamuru programu ijaze kioo chote. Akachoma diski, huyo, mbio mpaka kwa Bibi.

Vigelegele vikatoka, keki ikatoka, dada mtu anang'aa. Msichana akanyoosha kidole. "Sasa Bibi, tazama hapo kushoto!"

Bibi akatazama. Palikuwa na mkono uliokunjwa, basi.

"Hicho ni kiwiko," alisema Bibi. "Mimi sikuzaa kiwiko."

Lahaula! Ili picha ile pana ijaze kioo cha Bibi kisicho kipana, programu ilikuwa imekata pande zote mbili, na mjomba wa watu amekwenda na kipande. Fundi wetu hakujua auweke wapi uso wake. Angeweza kuirudisha ile mistari myeusi, lakini hapo mjomba angebaki kama punje ya mchele, na macho ya Bibi ndiyo hayo tena.

Akiwa njiani kurudi, wazo likamjia. Wee! Kamera yake hupiga picha kubwa kuliko DVD inavyoweza kubeba, na siku zote huipunguza ndipo iingie. Sasa ya nini kuipunguza yote? Akaingia ndani bila hata kuvua viatu, akachukua kile kipande cha pembeni peke yake, akakiacha kijaze fremu. Wala hakikufifia! Mjomba alionekana kuanzia kiunoni, anapiga makofi, machozi yanamtiririka, mdomo wazi kwa furaha. Msichana akapiga kelele peke yake chumbani kama mwehu.

"Bibi, nimerudi!"

Safari hii mjomba alijaa kioo kizima. Bibi akasogea mbele, fimbo ikamponyoka, asiiokote. Alimtazama mwanawe. Halafu akasema, "Mbona amekonda hivi?"

Msichana akashtuka. Au ameibana picha ikawa nyembamba? Akaliangalia puto lililokuwa nyuma ya mjomba: lilikuwa duara sawasawa. Picha haikuwa na kosa.

"Ni yeye mwenyewe, Bibi. Amekonda kweli."

"Mpigie aje ale," alisema Bibi. "Na mama yako mpigie vilevile. Watakaa kochi moja, wataitazama hii, na hakuna atakayenyanyuka kabla sijasema."