Kesho ya Fundi

Saa moja kasoro robo asubuhi nilimchoma Baba sindano yake ya sukari. Ukishamchoma una nusu saa ya kumlisha, isizidi. Uji ulikuwa jikoni unatokota. Kisha akabisha hodi mama mmoja na sketi ya shule iliyokatika zipu, mwenye sketi amesimama nyuma yake amejifunga taulo, na mama akasema ni dakika moja tu. Dakika moja ya mteja naijua, nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa. Hata hivyo nikaketi kwenye cherehani. Niliponyanyua kichwa uji umefurika na kuzima jiko, mlango wa uani uko wazi, na kwenye kiti cha Baba imebaki kofia.

Nilitoka mbio. Uani kwetu hulala magari mawili, langu upande wa ukuta, la jirani yangu kinyozi upande wa bomba. Upande wa ukuta palikuwa patupu.

Hapa inabidi nilieleze gari lenyewe, la sivyo hutauelewa upumbavu wangu. Ni lile dogo jeupe la milango minne. Mtaani tunaliita Sare, kwa sababu kila mtu analo. Mwalimu mkuu analo, muuza mkaa analo, teksi zote ndiyo hayo hayo, na bwana harusi mwenye mfuko mwepesi hulifunga maua mawili likapendeza. Watu wameletewa magari mapya yenye vioo vya kubonyeza na sauti ya mwanamke wa kukuelekeza njia. Wakayanunua, wakayajutia, wakarudi kwenye Sare. Halinywi mafuta, linalamba. Spea zake utazikuta mpaka kwenye duka la sabuni. Likikuzimikia njiani, wapita njia watano watafungua boneti na kujifanya wanajua, na watatu kati yao wanajua kweli, kwa kuwa walifundishwa na baba yangu.

Baba wanamwita Bisibisi. Kwa miaka thelathini alikuwa na gereji yake na hakugusa gari la aina nyingine. Alisema daktari wa macho hang'oi meno. Watu wakipoteza funguo aliwachongea kwa tupa, na kwa kuwa vitasa vya Sare vikizeeka hulegea, alikuwa na ufunguo mmoja uliofungua na kuwasha karibu kila Sare mjini. Aliuvaa shingoni kwa uzi. Akili ilipoanza kumtoka, niliuficha ufunguo wa gari letu ndani ya kopo la vifungo, lakini ule wa shingoni nilimwachia. Alikuwa akilala ameushika. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nikampigia simu mwenyekiti wa madereva wa teksi.

"Mwenyekiti, Baba kaondoka na gari. Nimemchoma sindano na hajala. Sukari ikishuka atazimia kwenye usukani."

"Nipe namba, dada."

Nikampa namba ya gari letu, herufi kwa herufi.

"Rangi?"

"Nyeupe."

"Hapa nilipo naona nyeupe kumi na moja. Haidhuru, namba tunayo. Nawatuma vijana wote sasa hivi."

Sikuweza kukaa. Nilikwenda kwa miguu barabara nzima, nikiinama kwenye kila dirisha la kila Sare iliyosimama. Nilikuta mzee, si Baba. Nilikuta mwanamke anapaka wanja, akanitazama kama mwizi. Kwenye taa za barabarani zilikuwa nne zimefuatana, na mimi nikapita katikati yao nikiita "Baba, Baba" mpaka dereva mmoja akaniambia yeye hana mtoto mkubwa hivyo. Wenzake walicheka. Siku nyingine ningemjibu, na jibu langu lingemfuata mpaka kwake. Siku hiyo nililia palepale barabarani, sikujificha.

Mwenyekiti alipiga. Hakuna. Akapiga tena. Wamekagua stendi, sokoni, hospitali, vituo viwili vya mafuta, hakuna Sare yenye namba ile. Ilikuwa imeshapita saa nzima na robo. Daktari aliniambia nisome dalili zake kama sala: jasho, kutetemeka, ulimi mzito, maneno yasiyoeleweka, kisha usingizi. Baba maneno yasiyoeleweka anayo kila siku. Nani atakayemwona na kujua kuwa leo ni sukari?

Nikarudi nyumbani, labda amerudi mwenyewe. Nilimkuta kinyozi uani, mswaki mdomoni, anazunguka gari lililokuwa kwenye bomba.

"Dada, gari yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

"Hii yako. Viti vya kaki hivi nani mwingine anavyo?"

Nikachungulia. Vitambaa vya viti nilivishona mwenyewe, kwa mabaki ya kaptula za shule. Futi yangu ya kupimia ilikuwa imening'inia kwenye kioo cha katikati. Ndipo nilipokumbuka kuwa jana nilichelewa, nikakuta kinyozi ameegesha kwangu, nami nikaegesha kwake. Macho yangu asubuhi yaliona pengo kwenye ukuta, yakasema gari letu limekwenda, nami nikayaamini. Madereva arobaini walikuwa wanaisaka namba iliyokuwa imetulia kwenye bomba letu. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia dakika ile.

Kinyozi alitema povu, akakaa chini juu ya ndoo. "Basi kosa ni langu."

"Kosa gani tena?"

"Jana jioni nilimsalimia mzee pale mlangoni. Nikamwambia gari yangu inagonga mbele kushoto. Nilitaka tu afurahi, ajione fundi. Akasema, niletee kesho asubuhi. Nikamtania, hiyo si kesho ya fundi, mzee? Akakasirika kweli. Akaniambia kesho yake yeye ni kesho."

Kesho ya fundi kila mtu anaijua. Fundi nguo, fundi seremala, fundi viatu, wote tunasema kesho, na mteja anajua maana yake ni siku Mungu akipenda. Mimi mwenyewe nimeisema mpaka ulimi umeota sugu. Ni Baba peke yake katika mji huu aliyekuwa akisema kesho na kumaanisha siku inayofuata leo. Amesahau jina la marehemu mama yangu, lakini hakusahau ahadi ya gari linalogonga mbele kushoto.

"Gereji," nikasema.

Nilimwaga kopo la vifungo sakafuni nikachukua ufunguo. Kinyozi alichomoa soda kwenye friji. Gari liliwaka mara moja, kama ilivyo kawaida yake, na ndicho kitu pekee kilichonitii asubuhi ile. Nilikatiza pale ambapo hata teksi hazikatizi. Kinyozi aliikumbatia soda kifuani.

Gereji ya Baba siku hizi ni duka la vigae. Geti ni jipya, limepakwa rangi ya bluu, na lilikuwa bado limefungwa. Mbele ya geti ilisimama Sare nyeupe. Ilikuwa inapiga honi mara mbili fupi, inapumzika, inapiga tena, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Baba alikuwa kwenye usukani. Shati lilikuwa limelowa jasho mpaka kifuani. Milango alikuwa ameifunga kwa ndani, kioo amekiteremsha upana wa kiganja.

"Baba, fungua mlango."

Alinitazama kwa heshima, ile heshima ya mtu na mgeni. "Subiri kidogo, mama," akasema, na ulimi ulikuwa mzito. "Vijana wakifungua geti nitakuhudumia."

"Baba, ni mimi. Shika hii, unywe."

"Sinywi cha mtu nisiyemjua."

Akaanza kupandisha kioo. Niliingiza vidole, kikanibana, sikuvitoa. Kinyozi alizungukia mlango wa pili na ufunguo wake. Baba akamwona, mkono wake unaotetemeka ukaenda kwenye ufunguo, gari likanguruma. Nyuma yetu magari yalikuwa yanapita mfululizo. Nikampungia kinyozi aache.

"Fundi," nikasema. "Fundi, mimi ni mteja. Nimekuja kuulizia gari langu." Akaniuliza namba, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikataja ile niliyoitaja asubuhi nzima.

Mkono wake ulisimama. Akazima gari.

"Hiyo ni gari ya binti yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa makali. "Nilimnunulia mwenyewe, ya kubebea vitambaa vyake. Wewe namba yake umeitoa wapi?"

Alikuwa ananijua mpaka namba ya gari. Sura yangu tu ndiyo iliyokuwa imempotea. Nilitaka kupiga kelele, nimwonyeshe vidole hivi vyenye matundu ya sindano, nimwambie binti mwenyewe ndiye huyu. Nikaona jasho linavyomdondoka kidevuni. Ningeendelea kuwa binti yake, angekufa mbele yangu.

"Yeye ndiye aliyenituma," nikasema. "Kanipa na soda nikuletee. Kasema Baba huwa hakatai soda ya mteja."

Akacheka kidogo. "Huyo ananijua."

Akateremsha kioo, vidole vyangu vikapata nafuu. Nikamshikia chupa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa haiwezi. Akanywa mafunda mawili, akaisukuma kando.

"Inatosha. Nusu mwekee yeye. Anaipenda sana hii."

"Kunywa yote, fundi. Yeye nimeshampa ya kwake."

"Na amekula? Huyu akishika cherehani husahau kula."

"Amekula."

"Ameshiba?"

"Ameshiba, fundi," nikasema, mimi ambaye sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana.

Akaiinua chupa kwa mikono yake miwili juu ya mkono wangu, akanywa mpaka mwisho.