Kirusi Kilichopanda Pikapu Hadi Kanduyi

Kuna watu wa kupenda ng'ombe, kuna wa kupenda mpira, na kulikuwa na Edah wa Matisi, pale Kitale, aliyependa kompyuta. Si kwamba zilikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuuza chai na mandazi mlangoni mwa saiba ya Kipruto, ambako watu waliingia kusoma barua pepe zao. Alisimama nyuma ya wateja na birika mkononi, akimimina polepole kuliko chai ilivyohitaji, macho yakiwa kwenye kioo. Hivyo ndivyo alivyosoma. Shule yenyewe ilimfikisha darasa la nane tu, ikamwachia zawadi moja: kalamu ya wino, aliyopewa na mwalimu wa Kiswahili kwa insha nzuri.

Kipruto alipoleta mashine mpya, mojawapo ya zile kuukuu ikahamia sebuleni kwa Edah. Ilikuwa na mgongo mkubwa, na kichwa cha Edah kikavimba kuupita mgongo huo. Aliwaeleza akina mama wa kanisani kwamba ndani yake kuna programu inayookota vipande vya faili vilivyotawanyika na kuvipanga, sawasawa na mwanamke anayepanga kabati. Jumapili nzima alikaa kwenye stuli akiitazama ikipanga, vijisanduku vya rangi vikisogea kimoja kimoja, huku kabati lake mwenyewe likimwaga soksi sakafuni. Mumewe, Wabwile, alitoka matembezi, akarudi, akamkuta pale pale.

"Imefika wapi?"

"Asilimia arobaini."

"Na chakula?"

"Hicho bado hakijaanza."

Kitu kimoja tu kilimshinda Edah, nacho ni ulimi. Kwao ni Kanduyi, ukingoni mwa mji wa Bungoma, ambako r na l ni majirani wanaoingiliana nyumbani bila kubisha hodi. Siku moja aliuliza saiba nzima nani anataka chai ya langi, na saiba nzima ikacheka mpaka mtu akamwaga kikombe. Tangu hapo alikuwa akiulinda ulimi. Kila r ikapewa haki yake, kila l ikawekwa mahali pake, na akaanza hata kuwasahihisha wateja, jambo ambalo halikuongeza mauzo ya mandazi.

Sasa, ndugu yake Ian alipomwoa Joy, mpiga video aliwapa diski moja ya harusi. Edah akaichukua, akainakili kwenye kompyuta, kisha akatangaza kwamba diski ni mambo ya kale. Kuonyesha kwamba hana utani, aliitundika kwa uzi kwenye shamba lao la mtama ifukuze ndege. Ndege waliiogopa siku chache, halafu wakaizoea. Mmoja alionekana amesimama mbele yake akijitengeneza manyoya. Jua likaipausha, mvua ikamalizia, na hakuna deki iliyoweza kuisoma tena.

Hayo yote yangekuwa mchezo, kama si Kukhu Agneta. Nyanya huyu wa akina Edah, aishiye Kanduyi, hakufika harusini kwa sababu alikuwa amevunjika nyonga. Lakini alikuwa ametuma leso yake ya buluu, aliyopewa na mama mkwe wake zamani, ili bibi arusi aivae mabegani. Baadaye mdomo fulani ukamwambia kwamba Joy aliona haya akaiacha ndani ya mfuko. Kukhu hakugomba. Alianza tu kumwita Joy mgeni. Joy akija kumsalimu, Kukhu husema, "Mpatieni mgeni kiti." Akiinuka kuosha vyombo, "Mgeni asichoke." Joy alikuwa amelia jikoni kwa ajili ya heshima hiyo.

Edah alikuwa ameiona ile leso kwenye filamu.

"Ngoja Krismasi, Kukhu," alimwambia. "Nitakuletea kompyuta yenyewe, uone na macho yako."

"Nikiona reso yangu, nitajua niko na mjukuu," Kukhu akajibu. "Nikikosa kuiona, nitajua niko na mgeni, na maneno yaishe."

Jirani yao Absalom, mwenye pikapu iendayo soko la Chwele, alikubali kuwapeleka. Asubuhi ya safari, blanketi la kuifunika kompyuta likiwa tayari, Edah akawaza wezi wa faili. Barabara yote ya Kitale kwenda Bungoma haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kutamani faili ya Edah, lakini aliamua kuweka neno la siri. Hapo hapo mama yake akapiga simu. Edah akaibana simu begani, wakaanza kupiga domo la nyumbani, kuku wangapi, nani amefika, huku vidole vikifanya kazi. Mashine ikataka neno, akaandika. Ikataka tena kuhakikisha, akaandika tena. Kwenye kioo zilitokea nukta nyeusi tu. Mwisho ikataka kidokezo cha kumkumbusha akisahau, akaandika: zawadi ya darasa la nane.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, sebule ya baba yake kule Kanduyi, Mzee Wakoli, ilijaa. Kukhu alikalishwa mbele kabisa, miwani imefutwa kwa pindo la gauni. Joy alikaa karibu na mlango. Edah alisimama mbele ya watu akatoa hotuba kuhusu maendeleo, ndefu kuliko ya mchungaji, kisha akawasha.

Mashine ikaomba neno la siri. Akaandika kalamu. Ikakataa. Akaandika tena, polepole, kila herufi na haki yake. Ikakataa. Akajaribu kwa herufi kubwa, akajaribu kalamu ya wino, akajaribu jina la mwalimu. Jasho likamtoka puani.

"Ni nini?" Mzee Wakoli akauliza.

Hapa mtu mwenye akili angesema hajui. "Ni kirusi, baba," Edah akasema.

"Kirusi! Kinashika watu?"

"Kinashika programu tu."

"Hata kama. Watoto sogeeni nyuma. Na Kukhu asogezwe, kifua chake si kizuri."

"Si ulituambia hii kitu iko na chanjo, bana?" Ian akasema.

Wabwile alikuwa ameinama akisoma kioo. "Hiki kirusi kimeenda shule," akasema. "Kinauliza zawadi ya darasa la nane."

Watu wakacheka. Kukhu hakucheka. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Mpatieni mgeni chakula," akasema. "Njia ya kurudi kwake ni ndefu." Joy akainamisha kichwa. Edah akaiwazia ile diski iliyoning'inia kwenye mtama, na yule ndege aliyefaidi harusi peke yake.

Chakula kikaletwa, ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji. Mzee Wakoli akasimama, watu wakafumba macho.

"Baba, tunakushukuru kwa kalamu hii," akaanza. "Wengi wangependa kukaa kwa kalamu kama hii na hawana. Bariki mikono ambayo imepika kalamu..."

Edah, mlinzi wa r na l, akamsahihisha baba yake kimoyomoyo: karamu, baba, karamu. Ndipo akajiuliza. Ikiwa karamu ya baba hugeuka kalamu mdomoni, je, kalamu ya binti yake iligeuka nini vidoleni, siku ile simu ya mama ikiwa begani?

Akafumbua jicho moja. Akajivuta kwa magoti mpaka kwenye meza na kubonyeza herufi: karamu.

Kompyuta ikafunguka kwa ule wimbo wake wa kuwaka, kwa sauti ya juu kabisa, katikati ya maombi.

"Amina!" watoto wakaitikia.

Mzee Wakoli hakupata nafasi ya kukasirika. Edah alikuwa ameshaifungua filamu, na kwenye kioo lango la harusini lilikuwa limejaa vigelegele, na katikati yake Joy alikuwa akicheza, leso ya buluu mabegani, ameishika kwa mikono miwili. Kukhu akatafuta miwani kwa haraka mpaka ikanasa kwenye mfuko.

"Rudisha," akasema. Edah akarudisha. "Rudisha tena." Akarudisha tena. "Ni reso yangu. Na mbona anaishika hivyo?"

"Kulikuwa na upepo, Kukhu," Joy akasema kutoka mlangoni. "Niliogopa ianguke."

Kukhu akamgeukia.

"Sasa unakaa huko mlangoni unangoja nini, kama mtu hana kwao? Kuja hapa. Na ujiletee kiti, nani atakubebea?"

Joy akabeba kiti juu ya vichwa vya watoto, akicheka na kujifuta macho kwa bega.

"Na kile kirusi?" Mzee Wakoli akauliza, bado amesimama mbele ya kuku. "Kimeenda wapi?"

Edah alikuwa na maelezo marefu tayari, yenye programu mbili ndani yake. Akayameza.

"Kilikuwa ni mimi, baba."

"Basi mpatieni kilusi kiti," akasema Kukhu, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Lakini kwanza anirudishie pale kwa lango."