Upindo wa Gauni la Hidaya

Siku hizi usiku silali, kwa hiyo ndoto hii niliiota jana mchana, saa nane kasoro robo, nikiwa nimejinyoosha kwenye mkeka pembeni ya wanangu wawili. Salha ana miaka mitatu. Hidaya ana miezi tisa. Mama yao, Mwajabu, alikuwa shuleni akifundisha darasa la pili. Mimi ni fundi cherehani. Tangu likizo ya uzazi ya Mwajabu iishe, nimehamishia kazi sebuleni, nashona kwa mguu mmoja na kubembeleza kwa mwingine. Wanaume wa mtaani wakiniona mlangoni huniuliza kama nimepona.

Kesho yake, yaani leo, ndiyo siku ya kliniki. Miezi miwili mfululizo Hidaya alikuwa hajaongezeka uzito, na nesi alisema safari hii asipoongezeka atatuandikia barua ya hospitali ya mkoa. Anayemlisha ni mimi. Niliogopa sana, na usingizi ulinipitia nikiwa bado naogopa.

Basi, naamka kwenye ndoto kwenda kuepua uji. Hidaya amelala katikati ya njia. Namruka.

"Umemruka," inasema cherehani.

Kwetu mtoto harukwi. Ukimruka hakui tena, mpaka umruke kurudi ulikotoka. Mama mkwe alinieleza jambo hilo Salha alipozaliwa, kabla hata hajanisalimia.

"Nilikuwa nawahi uji," najitetea.

"Mimi nimeiva zamani," unasema uji kutoka kwenye sufuria. "Shughulika na mtoto."

Nageuka nimruke Hidaya kurudi. Mkeka umerefuka. Mtoto yuko kule mwisho, mdogo kama kifungo cha shati. Nakimbia, na kwa haraka zangu namruka Salha.

"Sasa ni wawili," inasema cherehani.

Namruka Salha kurudi. Naangukia ng'ambo ya Hidaya, maana yake yeye nimemruka tena, ila sijui kwa kwenda au kwa kurudi. Naiuliza cherehani nimemruka mara ngapi.

"Mimi nahesabu mishono," inasema. "Miruko hesabu mwenyewe."

Nahesabu kwa vidole. Vidole vinakataa kukaa kwa mpangilio, cha mwisho kinataka kuwa cha kwanza. Najaribu kuanza upya, na hapo nagundua kwamba mkeka ni benchi la kliniki na mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni, ingawa foleni haina mtu mwingine.

Nesi ni Salha. Amevaa gauni jeupe, ana muhuri mkononi na uji kidevuni. Hilo halinishangazi. Kinachonishangaza ni namna anavyoniita.

"Mzee, kadi."

Natoa kadi. Anaisoma ikiwa kichwa chini, anatikisa kichwa kama mtu mzima.

"Mtundike," anasema.

Mizani inaning'inia darini. Ina sauti ya mama mkwe, nayo haina haraka.

"Huyu ndiye anayelelewa na baba?"

"Shikamoo. Ndiye."

"Marahaba. Anakula nini?"

"Uji wa ulezi asubuhi. Ndizi ya kuponda. Viazi na mchuzi wa maharage. Maziwa. Uji tena."

"Na wewe unakula saa ngapi?"

Nafikiri. Sijui. Namtundika mtoto.

Mshale unashuka hadi sifuri, unaipita, unaendelea kushuka upande wa pili ambako hakuna namba. Hidaya anaanza kupaa. Anacheka, anapunga mkono. Namdaka upindo wa gauni, nabaki nimemshikilia hapo, miguu yangu yenyewe ikigusa sakafu kwa vidole tu. Salha anachukua kalamu aanze kuandika barua ya mkoa.

"Ngoja!" napiga kelele. "Anakula! Wallahi mwanangu anakula!"

"Tunajua anakula," inasema mizani. "Uzito wake upo, ila haumo ndani yake. Fundi, upindo huo ni wa inchi ngapi?"

Hapo natahayari. Gauni la mtoto huachiwa upindo mkubwa kidogo, ili akirefuka lifumuliwe na kuteremshwa. Fundi mwenye akili huacha inchi mbili. Mimi nilimwachia Hidaya inchi tisa, nimezikunja mara tatu na kuzishona kwa uzi wa njano.

"Umeweka kukua kwake kote humo," inasema mizani. "Sasa mtoto akue na nini?"

"Kwa nini nyingi hivyo, baba?" anauliza Salha. Safari hii haniiti mzee.

"Nilitaka limdumu," namwambia. "Mwaka unakwisha, mama, na nimeuona vipandevipande tu. Niliogopa atakua nikiwa nimesinzia."

Salha anaandika jibu langu lote kwenye kadi, kwa mstari mmoja wa mviringo.

"Fumua," anasema. "Nafunga saa nane."

Nauita mkasi. Mkasi unajibu kutoka chumba cha pili kwamba uko kwenye chakula cha mchana. Basi nafumua kwa meno. Mkunjo wa kwanza unaachia, na vishimo vinarudi kwenye viwiko vya Hidaya. Wa pili unaachia, na mashavu yanashuka mahali pake. Wa tatu umeshonwa mara mbili, najua kwa sababu nilishona mimi, nikijisifu. Nauma, navuta, machozi yananitoka. Salha ananyanyua muhuri. Uzi unakatika, mtoto anashuka kwa kishindo kwenye mizani, na muhuri unashuka nao.

Nikaamka. Salha alikuwa ananigonga paji la uso kwa kijiko.

"Baba, uji umemwagika."

Ulikuwa umemwagika kweli. Hidaya aliketi katikati ya mkeka, gauni limemfunika miguu yote na kusambaa sakafuni. Nilitaka kumuuliza Salha nani kaligusa, lakini kitu kilikuwa kimenikwama kwenye meno. Nikakivuta. Ulikuwa uzi wa njano, nao uliendelea kuja.

Mwajabu alirudi nikiwa bado nauvuta. Hakuuliza. Mwaka huu ameacha kuuliza mambo mengi. Aliinama, madaftari kwapani, akamshika Hidaya kwa mkono mmoja kama afanyavyo kila siku. Mtoto hakunyanyuka. Mwajabu akanitazama, akayaweka madaftari chini polepole, akamnyanyua kwa mikono miwili.