Povu la Chungu cha Tekla

Mwaka ule uliofuata vita vya Kagera, sabuni iliadimika Kwihara mpaka watu wakaanza kuisahau harufu yake. Ukienda duka la kijiji kuiulizia, Masolwa muuza duka anakutazama kama umemwomba mke wake.

Wengine walijisugua kwa mchanga, maisha yakaendelea. Mwanne hakuwa na nafasi hiyo. Yeye ndiye aliyesimamia mashine ya akina mama ya kukamulia karanga, na mashine bila vitambaa safi vya kuchujia ni chuma tu. Vitambaa vilikuwa vimeshiba mafuta ya zamani yaliyochacha, na mafuta yote mapya yaliyopita humo yalitoka na uvundo. Alijaribu maji ya majivu, vikaanza kuchanika. Wateja wa Isevya wakarudisha madebe. Kisha ikaja barua ya ushirika: mkaguzi atafika Alhamisi, na mafuta yakinuka, mashine inahamia Sikonge.

Mwanne alilia. Kabla ya mashine alikuwa akitwanga karanga kwa kinu, mgongo ukimuuma hata usingizini. Hakutaka kurudi huko. Nani angetaka?

Jumatano asubuhi alikwenda nyuma ya banda kutafuta chombo cha kulowekea, akakiona chungu cha Tekla, kimefunikwa. Tekla, jirani yake, alikuwa mpika wanzuki, ile pombe ya asali, na chungu kile alikirithi kwa mama yake. Chungu cha wanzuki hakioshwi; ukikiosha kinasahau kazi. Mwanne, mtu wa swala tano, alikiazima wakati wa mavuno kwa kukosa ndoo tu, na alimsihi Tekla mara tatu akisugue kwanza. Tekla akacheka, akamletea vilevile. Basi Mwanne akamimina humo mashapo ya mafuta pamoja na maji yaliyooshewa masega ya asali, akinuia kuwachanganyia kuku pumba. Akasahau.

Alifunua. Harufu ya uchachu ikampiga. Chini kulikuwa na kitu cha kahawia, kizito kama uji wa ulezi. Alipokoroga, povu likapanda mpaka ukingoni. Povu! Hakuwaza mara mbili. Akatumbukiza kitambaa, akafikicha, akasuuza, na mafuta ya miezi yakaachia.

"Lahaula!" alisema peke yake, akavifua vyote na kuvianika uani.

Vingekauka jioni, na Alhamisi angekamua mafuta safi. Lakini nani aliyewaambia wakaguzi wafuate siku? Saa tano gari likasimama uani.

"Shikamoo, mama," alisema mkaguzi, kijana mtanashati aitwaye Twalibu, shati jeupe likiwa limepakwa grisi na lori.

"Marahaba, baba. Si mlisema kesho?"

Twalibu akaingia bandani. Alinusa debe pekee lililokuwepo, la wiki iliyopita, akakunja pua, akatoa karatasi na kalamu. "Samahani, mama. Mashine inaondoka."

"Vitambaa nimeshavifua! Subiri vikauke."

"Kwa sabuni gani? Hata Tabora mjini hakuna."

Mwanne akamwonyesha chungu. Twalibu akacheka. "Mnafua kwa pombe?"

Mwanne akamsogelea. Mfa maji haachi kutapatapa. "Kwenu wapi, baba?"

"Kisarawe. Mzaramo mimi."

"Kumbe mtani wangu!" Mwanne akarusha mikono juu. "Babu zetu wa huku bara walibeba pembe za ndovu mpaka kwenu pwani, wakifa, nyinyi ndio mliowazika. Leo umekuja kunizika mimi ningali hai? Vua shati!"

Akina mama wakamzunguka kwa vigelegele. Mtani akitaka chako hukasiriki. Ukikasirika umeaibisha ukoo mzima. Twalibu akavua, akabaki na fulana yenye matundu mawili.

"Ama kweli ushirika umeishiwa hata uzi!" Tekla akamrushia.

Mwanne akalizamisha shati chunguni, akafikicha, akasuuza. Grisi ikatoka. Twalibu akaliinua juani, akaligeuza mara mbili.

"Mmetia nini humu?"

"Mashapo ya mafuta na maji ya masega. Taka tupu."

"Basi kuna vijidudu, mama. Vimekula taka zenu vikawapa sabuni."

"Vijidudu vya marehemu mama yangu hivyo," alisema Tekla. "Viheshimu."

Twalibu akasubiri. Saa kumi vitambaa vilikuwa vikavu, mashine ikazungushwa, mafuta yakatiririka. Alinusa. Akachovya kidole, akalamba, akachovya tena. Kisha akaichana karatasi yake.

"Mashine ibaki."

Mwanne aliketi palepale kwenye maganda ya karanga, akalia bila haya. Tekla, kwa kutaka kumfurahisha shoga yake, akakiinamisha chungu na kuchota mchanga. "Haya, mtu wa swala, leo nakusugulia kweli."

"Weee, Tekla!" Mwanne aliruka, akakikumbatia chungu cha pombe kwa mikono miwili. "Ukikiosha hiki, andaa na sanda yangu kabisa!"