Kipembe cha Ugoro

Daktari Lugembe alinipa karatasi, nikaisoma mara tatu hapo hapo mbele yake mpaka akacheka. "Mama, jino limeng'olewa la binti, si lako." Nikamwambia acheke tu, mie nasoma. Ang'ate pamba nusu saa. Asiteme mate, asisukutue, asinyonye kitu kwa mrija mpaka kesho wakati kama huu. Asile cha moto. Kesho ndiyo aanze maji ya uvuguvugu na chumvi, taratibu, kila akimaliza kula. Asitie kitu chochote kwenye shimo la jino.

"Hata ugoro?" nikauliza.

"Hasa ugoro," akasema, na hakucheka tena.

Karatasi kama ile niliwahi kuletewa nyumbani miaka saba iliyopita, nikaiwashia jiko la mkaa. Ilikuwa ya mdogo wangu Tunu, mama yake Najiat, huyu binti wa leo.

Sisi wa mtaa wa Ng'ambo, wajukuu wa wapagazi, tuna mambo yetu. Babu wa babu yetu alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Tabora hadi Bagamoyo. Njiani, mwenzake akiumwa jino, yeye ndiye aliyeling'oa, na shimo akalitia ugoro uliolowekwa kwa asali. Kipembe chake cha ugoro, cha pembe ya swala, kimeachwa kizazi hadi kizazi, na anayekishika ni mkubwa wa kuzaliwa. Mkubwa wa kuzaliwa ni mimi, Zuwena.

Basi Tunu aliporudi kutoka hospitali kung'olewa jino, na karatasi yake, nilimcheka. "Daktari wa juzi juzi atamshinda babu?" Nikamtia ugoro kwa kidole changu hiki. Siku ya tatu shavu likaumuka. Akasema, "Dada, turudi hospitali." Nikamkaripia, nikamwambia dawa inafanya kazi, avumilie. Siku ya tano uvimbe ukashuka shingoni, hata mate hamezi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anavuta pumzi kwa tabu, na magharibi haikumkuta. Watu msibani wakasema siku zake zilifika. Nami nikaitikia, ndiyo, zilifika. Najiat alikuwa na miaka kumi na miwili, nikamwambia hivyo hivyo.

Tangu arubaini yake, Tunu huja. Huja baada ya swala ya alasiri, mimi niko barazani kwenye cherehani. Anakaa ukingoni, amenipa mgongo, kashikilia shavu kwa kanga yake ya kijani, na harufu ya ugoro inanijaa puani. Hasemi neno. Nimesoma dua, nimefukiza ubani, nimetoa sadaka, wapi! Mwaka wa kwanza nilimtukana. "Kama una neno sema, Tunu, usinikalie kama mgeni aliyenuna!" Hakugeuka. Nikawa nashona huku nimeinamisha kichwa, na woga haukuniisha.

Siku ya jino la Najiat hakuja barazani. Niliingia chumbani na uji, nikamkuta kakaa ukingo wa kitanda, karibu na miguu ya mwanawe, mgongo ule ule. Uji ukanimwagikia vidoleni.

"Mamkubwa, vipi?" Najiat akauliza, pamba mdomoni.

"Uji una moto. Subiri upoe. Na usiongee!"

Nilimlinda yule mtoto, wallahi. Akikusanya mate atake kutema, namkemea, "Meza!" Alipotaka kutawadha nikamzuia kusukutua. Nikamwambia kusukutua ni suna, leo suna ipumzike, Mungu anaona jino lilivyo. Kesho yake nikachemsha maji, yakapoa, nikatia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi na kuonja mwenyewe kwanza. "Usiyapige kama unafua nguo. Inamisha kichwa, yalale upande wa jino, kisha fungua mdomo yaanguke yenyewe." Mswaki nikamwambia apitishe kwenye meno mengine, pale aache. Na Tunu alikuwepo, alasiri zote mbili, kakaa tu.

Siku ya tatu, adhuhuri, nilikwenda sokoni kutafuta ndizi mbivu na viazi vya kuponda. Niliporudi, harufu ya ugoro ikanipokea mlangoni, wala alasiri haijafika.

Najiat kapiga magoti mbele ya sanduku langu, kipembe mkononi. Miaka saba nilikificha chini ya nguo, sikuwahi kukimwaga, sijui kwa nini. Pembeni kaweka kisahani cha asali, na ugoro keshauloweka. Nyuma yake, ukutani, Tunu kasimama, katupa mgongo sote.

"Mamkubwa, limenianza tangu alfajiri," Najiat akasema. "Linapwita mpaka sikioni. Nikakumbuka dawa ya babu. Nitie wewe, mkono wako ndio wenye dawa."

"Daktari kakataza."

"Daktari wa juzi juzi atamshinda babu?"

Yale maneno yalikuwa yangu. Mtoto aliyasikia siku ile, akayatunza miaka yote kama urithi. Akachovya kidole kwenye kisahani, akafungua mdomo. Nikamrukia, nikaukamata mkono wake, asali ikatuchafua sote wawili.

"Ndiyo iliyomuua mama yako!" nikapiga kelele. "Si siku zake! Ni ugoro huu, ni mkono huu! Nilimtia mimi, Najiat, na karatasi ya daktari nikaichoma!"

Nilidhani atalia. Hakulia. Aliuliza taratibu, "Alitaka kurudi hospitali?"

"Alitaka. Siku ya tatu. Nikamkatalia."

"Leo ni siku ya tatu," akasema.

Hapo Tunu akageuka. Miaka saba sikuuona uso wake, na ulikuwa mzima, hauna uvimbe. Hakunitazama mimi. Alimtazama mwanawe, kisha akapita katikati yetu akatoka mlangoni, kama mtu aliyemaliza shughuli yake.

Tulikimbilia bajaji. Daktari Lugembe alilisafisha shimo, akatia dawa yake, akasema damu iliyoganda ndani ilitoka ndiyo maana mfupa unauma, na tumefanya vizuri kurudi mapema. Nikalia mbele yake kama mtoto. Njiani kurudi, Najiat alikaa kashikilia shavu kwa kanga, uso kauelekeza barabarani.

Sasa unapita mwezi. Shimo limeziba, anatafuna pande zote. Kipembe nimekitupa chooni, babu anisamehe. Tunu haji tena. Kumbe hakuwa akinijia mimi.

Najiat ananiamkia kila asubuhi, shikamoo, nami naitika marahaba. Zaidi ya hapo hatuna neno. Maji ya chumvi aliyachemsha mwenyewe, akaipima chumvi mwenyewe, mpaka shimo likaziba. Na alasiri, nikikaa kwenye cherehani, anakuja kukaa ukingo wa baraza, pale pale, amenipa mgongo. Mama yake nilithubutu kumwambia kama ana neno aseme. Huyu siwezi.